Gari Lililokataliwa na Mimba

Siku ambayo mdogo wangu Nekesa alizaliwa, mguu wa kulia wa mama ulitoboa sakafu ya gari la baba na kuburutwa juu ya barabara ya murram, gari likiwa bado linakwenda. Sandali ilibaki barabarani. Mama alipouvuta mguu ndani, kisigino kilikuwa kimechunika, lakini damu haikuonekana mara moja kwa sababu juu yake palikuwa na uji mzito wa rangi ya chai, na ndani ya uji huo funza walikuwa wanajikunja. Harufu iliyopanda kutoka kwenye lile tundu nilikuwa ninaijua. Mama naye alikuwa anaijua; alikuwa ameilalamikia tangu gari lilipoingia bomani. Ni watu wazima wengine wa nyumba yetu waliokuwa wameshikilia kwamba haipo.

Harufu hiyo ilinirudia juzi mjini Busia, kwenye uwanja wa kuuzia magari. Nekesa, mtoto yuleyule, sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, na anataka kununua gari lake la kwanza. Magari ya siku hizi hayataki. Anataka gari dogo la kizamani, la milango miwili, lenye taa za mviringo na usukani mwembamba, kama yale yaliyokuwa yakipita barabarani tulipokuwa watoto. Ugonjwa huu umewaingia watu wengi wa umri wetu. Wanayapaka rangi ya maziwa, wanayapiga picha kando ya mashamba ya miwa, wanasema yanawakumbusha utoto. Mimi utoto wangu naukumbuka vizuri, ndiyo maana Nekesa aliponiomba niende naye kulikagua, nilikwenda nikiwa nimeshakunja pua.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe. Alipangusa boneti kwa kiganja, akamwambia Nekesa, "Madam, hii ilikuwa ya mama mmoja mwalimu. Alikuwa anaenda nayo kanisa pekee. Angalia mwenyewe, viti ni kama havijawahi kukaliwa."

Nilimtazama mdomo. Miaka yote hii imepita na maneno hayajabadilika hata kidogo. Nikafungua mlango, nikapiga magoti kwenye changarawe na sketi yangu ya kazini, nikanusa kapeti.

"Dada yako ni wa forodha?" kijana akamwuliza Nekesa.

"Hapana," Nekesa akajibu. "Yuko hivyo tu."

Tuliishi nje kidogo ya Malaba, mahali ambapo foleni ya malori ya kuingia Uganda ikiwa ndefu mkia wake ulifika karibu na lango letu. Baba alikuwa karani wa wakala mmoja wa kutoa mizigo mpakani. Alivaa shati jeupe na kalamu mfukoni. Tuliishi na nyanya yetu, mama yake baba, ambaye kwa Kiteso tulimwita Tata. Mama alikuwa ametoka Rukala, kwenye tambarare ya mto Nzoia ambako mafuriko huingia hadi jikoni, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili ili kila mtu aelewe. Alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga pale kwenye veranda.

Kabla ya Nekesa kulikuwa na mtoto mwingine tumboni, na huyo hakufika. Uchungu ulimshika mama msimu wa mvua, wakamketisha kwenye bodaboda, yeye katikati ya dereva na shangazi yetu, wakashika barabara ya Kocholia kuelekea hospitali. Habari hii niliijua kwa vipande, kama watoto wanavyojua mambo: kwamba pikipiki iliteleza wakaanguka, kwamba walirudi na leso iliyokunjwa, kwamba kuna mahali nyuma ya migomba ambapo haturuhusiwi kucheza. Mama aliposhika mimba tena, baba alisema mbele ya watu wote kwamba huyu hatapanda pikipiki. Atakwenda Kocholia kwa gari, na mama yake ataketi kwenye kiti chenye mgongo. Gari lilinunuliwa kwa sababu hiyo. Halikununuliwa kwa fahari, ingawa fahari ilifuata upesi sana.

Baba alilitoa Busia, kwa mtu ambaye alimtaja tu kama boss. Lilikuwa la kizamani hata wakati ule. Dogo, rangi ya krimu, mgongo wa duara. Majirani wakalibatiza Yai siku hiyohiyo. Viti vilikuwa vyekundu, vya plastiki iliyofanywa ifanane na ngozi, na vilinata mapajani. Baba alilizunguka akilipangusa kwa leso yake ya mfukoni.

"Ilikuwa ya mama mmoja mwalimu," alituambia. "Kanisa na nyumbani, basi. Boss ameniapia."

Tata alimwaga maji kwenye magurudumu na kuliombea kwa sauti ndefu. Kisha mama akaitwa ajaribu kiti chake. Alishuka verandani taratibu, mkono kiunoni, akafungua mlango, akaingiza mguu mmoja. Akautoa. Akashika nguzo ya veranda na kutapika juu ya maua.

"Kuna kitu kimeoza humo," alisema alipopata pumzi.

Baba akainama, akanusa. Alinusa kama mzazi anavyonusa kichwa cha mtoto wake. "Hiyo ni harufu ya gari la zamani. Mafuta na viti."

"Si mafuta, Baba Amoit. Ni kitu kilikuwa na uhai."

Amoit ndiye mimi.

Hapo Tata akacheka, akapiga makofi, kama mtu aliyepata jibu la kitendawili. "Ah, jamani. Mimba imelikataa gari."

Kwetu mimba ni mtu mwenye chuki zake. Inaweza kukataa vitunguu, inaweza kukataa sabuni fulani, inaweza hata kumkataa mume mzima, mtu na kazi yake, akawa analala sebuleni mpaka mke ajifungue. Jirani yetu mmoja alihamia kwa dada yake kwa sababu mimba ilikuwa imekataa sauti ya mvua kwenye mabati ya nyumba yake. Hakuna aliyebishana na mimba. Unangoja tu mtoto azaliwe. Ubaya wa maelezo haya, na huo ndio unaonichafua roho mpaka leo, ni kwamba yanamnyang'anya mwanamke pua yake. Chochote alichonusa mama kuanzia siku ile hakikuwa habari za gari tena. Kilikuwa habari za tumbo lake. Akitapika sana, basi mimba ina nguvu. Akisema harufu imezidi, basi mtoto ni mkali, atakuwa kama babu yake. Wageni waliokuja kulitazama Yai walisimuliwa hadithi hiyo kabla hawajafungua mlango, wakacheka, na waliposhacheka hawakunusa.

Mimi nilinusa. Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na kiti cha nyuma kilikuwa changu. Harufu ilianza tamu, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa shule. Halafu ikawa ya chumvi. Halafu ikakaa kwenye ulimi kama sarafu uliyoilamba. Jua likipanda nayo ilipanda, na jioni ukishuka garini ilishuka nawe, imo kwenye nywele, imo kwenye sweta, imo kwenye chapati unayopeleka mdomoni.

Nikayapanga mambo nilivyoweza. Baba hanusi. Tata hanusi. Mama ananusa kwa sababu ana mimba. Mimi ninanusa. Basi mimi pia nina mimba.

Jinsi ilivyoniingia haikunisumbua. Niliamini imenirukia kutoka kwa mama, kama chawa wanavyoruka, kwa sababu baba akiwa zamu ya mpakani nililala na mama kitanda kimoja. Nikaanza kujipima tumbo kwa utepe wake wa kushonea. Nikinywa uji lilikuwa kubwa, kwa hiyo nikaacha uji. Nikaacha pia kuruka kamba. Kilichonitisha hasa ni barabara ya Kocholia. Mtoto wa mama alikuwa ameandaliwa gari, na wangu je? Nitapakiwa humohumo, na harufu ile, au nitapandishwa pikipiki kama yule wa nyuma ya migomba? Nilikuwa ninalala nikiliwaza jambo hilo huku nimeshika tumbo kwa mikono miwili.

Wakati huo nilikuwa ninaona mambo ambayo leo mtu akitaka kununua gari la namna ile nitamwambia aanze nayo, asianze na taa wala rangi. Niliona kwamba nzi hawakutua kwenye vioo vya Yai bali chini ya milango, kwenye ule ubavu mwembamba unaoukanyaga ukiingia. Niliona kwamba ukingo wa kapeti ulikuwa na majimaji hata wiki ambayo hakuna mvua. Chini ya mlango wa abiria rangi ilikuwa imeota vipele, na ukibonyeza kipele kwa kidole kilipasuka kikaacha unga wa kahawia. Halafu kulikuwa na sumaku. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, na ilishika kila kitu bomani: sufuria, bati, cherehani, bawaba za lango. Ilishika boneti ya Yai na ikashika paa. Chini ya milango haikushika. Niliiweka ikaanguka, nikaiweka tena ikaanguka.

Nilimkimbilia baba. "Baba, sumaku imelikataa gari."

Akacheka sana, akamwita Tata asikie. "Hii boma kila mtu anakataa gari yangu. Sasa hata sumaku iko na mimba."

Siku hizi najua kwamba sumaku haishiki puti. Fundi akikuta kutu imekula chuma, na mwenye gari anataka tu liuzike, huziba tundu kwa puti, akasugua, akapaka rangi, na macho hayatajua. Baba hakujua. Au hakutaka kujua, kwa sababu gari lile lilikuwa limeshakuwa jibu lake kwa ajali ya kwanza, na mtu hapendi kuona jibu lake lina tundu.

Mama alinikamata na utepe. Alikuwa amesimamisha cherehani, amenyoosha miguu, nami nilikuwa nyuma ya mlango.

"Amoit, unapima nini?"

"Tumbo."

"La nini?"

Nikalia. Nikamwambia yote: kwamba ninasikia ile harufu kama yeye, kwamba nimeacha uji lakini halipungui, kwamba wangu akifika wakati wake naomba asiende kwa Yai. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha nikaona kicheko kimekatika na ananitazama kwa namna nyingine kabisa.

"Unaisikia kama nini?"

"Kama pale sokoni wakimwaga maji ya samaki. Lakini ya kale."

Akanishika mkono tukaenda garini. Akafungua mlango, akafunika pua yake kwa leso, akaniambia nifumbe macho na nimwonyeshe kwa kidole inakotoka. Nikaonyesha chini, chini ya mlango, na chini ya kiti changu cha nyuma. Mama alinivuta kifuani kwake, tumbo lake likiwa katikati yetu.

Baba aliporudi kutoka kazini, mama hakungoja anawe mikono. "Amoit pia anaisikia."

"Umemfundisha."

"Sijamfundisha. Na yeye hana mimba."

Ndivyo nilivyojua kwamba sina. Nakumbuka nilihisi nafuu, na pia huzuni kidogo.

"Mtoto anakula maneno ya mama yake," Tata akasema kutoka jikoni.

Baba alivua shati jeupe, akalitundika, akakaa. Alikuwa amechoka. "Sawa. Jumatatu nitampelekea fundi Ekisa aangalie. Umesikia, Mama Amoit? Jumatatu. Turidhike wote."

Uchungu ulikuja Jumapili, baada ya kanisa.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa bado yamesimama uani. Mama alishika nguzo ileile ya veranda. Tata alinipa beseni na taulo, akaniambia nitakwenda nao kwa sababu hakuna wa kuniacha naye. Baba alikuwa tayari amewasha gari, na lilikuwa linanguruma vizuri. Injini yake haikuwa na kosa, lazima niseme ukweli.

"Niitieni pikipiki," mama akasema.

Baba alishuka akamtazama. "Pikipiki? Wewe? Baada ya yale yote?"

"Pikipiki iko na hewa."

"Msimsikilize," Tata akasema. "Hiyo ni mimba inaongea."

Wakamwingiza mbele, kwenye kiti chenye mgongo. Akajifunga leso puani kama mtu anayepita penye vumbi. Mimi na Tata tukaketi nyuma, beseni mapajani mwangu, na miguu yangu niliikunja juu ya kiti kwa sababu kapeti lilikuwa limelowa.

Barabara ya Kocholia ilikuwa matope na mabonde. Baba aliendesha akiwa amekaribiana na kioo, akiyakwepa mashimo, na kila alipolikwepa moja alisema, "Umeona? Pikipiki ingeweza hivi?" Uchungu ulipomjia alikamata mkono wa mlango na kukaza mguu sakafuni, akaachia, akapumua. Ukaja tena, mkubwa zaidi. Akakaza mguu kwa nguvu zake zote, na gari likashuka shimoni. Nilisikia mvunjiko mdogo, mkavu, kama biskuti. Mama alizama upande mmoja hadi gotini.

Nimeshasema kilichotoka. Sijasema kwamba baba alipofunga breki na kuinama kutazama, uso wake ulikuwa juu kabisa ya lile tundu. Aliona kapeti lililochanika, akaona chuma kilichokuwa kimebaki kama jani lililoliwa na viwavi, akaona gunia dogo limepasuka kwenye ubavu wa chini ya mlango na vitu vilivyokuwa vinamwagika kutoka humo. Alifungua mlango wake, akajitupa nje, akatapika barabarani, mikono magotini, tai ya kanisani ikining'inia.

Tata alikuwa amefunika pua kwa kitambaa cha kichwa. Alianza kusema neno, hakulimaliza.

Mama alimngoja baba amalize. Akaongea bila kupaza sauti.

"Baba Amoit. Na wewe una mimba?"

Tulimaliza safari mama akiwa ameweka miguu yote miwili juu ya dashibodi. Baba aliendesha polepole, analia kimyakimya. Mimi kutoka nyuma niliweza kuona barabara ikipita pale ilipokuwa sakafu, mawe na maji na nyasi, na tulipopita kwenye dimbwi maji yalitokea ndani yakatupiga. Muuguzi aliyetupokea Kocholia alirudi hatua nyuma. "Huyu mama mmempitisha wapi?" aliuliza, na kwanza akaosha mguu, akabadilisha glavu, ndipo akashughulikia kilichotuleta. Kabla jua halijazama Nekesa alizaliwa, mzima, anapiga kelele zinazosikika hadi kwenye benchi tulilokaa.

Mguu ndio uliooza. Jeraha la kisigino lilitunga usaha, likafunga, likatunga tena, na mama alishona sare za muhula mzima akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Kovu lipo hadi leo, na asubuhi za baridi anachechemea.

Fundi Ekisa alilipasua Yai uani kwetu, kwa sababu alikataa kuliingiza kwenye karakana yake. Alikata bati la chini ya milango pande zote mbili. Ndani, katika ule mwanya ambao hakuna anayeutazama, palikuwa pamesokotwa vigunia, na ndani ya vigunia mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki mbuta ambayo husafirishwa mbali na kuuzwa ghali, mara nyingi kwa magendo. Yalikuwa yametiwa chumvi ili yasioze, yakaoza. Maji ya chumvi yalikuwa yamekula chuma kutoka ndani kwenda nje, na mtu fulani alikuwa ameziba kwa puti na kupaka rangi ya krimu. Mbwa wa jirani alikuja, akanusa, akaondoka.

"Huyu mwalimu wa kanisa," fundi alisema akiwa amebana pua kwa vidole, "alikuwa anafundisha somo gani?"

Baba hakucheka.

"Hii gari imekula chumvi, mzee," fundi akaendelea. "Mbele imekwisha, nyuma inaelekea. Naweza kukata sakafu yote nikaweka mpya, ama nikuwekee kiraka."

"Weka pale mbele," baba akasema. "Ile ya nyuma weka ubao, juu kapeti."

"Ubao?"

"Ni ya kuuza."

Likachomelewa bati jipya mbele, ukawekwa ubao nyuma, chini ya milango pakasilibwa upya kwa puti. Baba mwenyewe aliliosha kwa sabuni ya unga, akaacha makaa ndani usiku kucha, akanyunyiza kahawa, akatundika kwenye kioo kikaratasi chenye harufu ya ndimu. Harufu ya kale ikawa inatoka chini ya ndimu, na mchanganyiko huo ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Hadi leo sinywi chai ya ndimu.

Mnunuzi alitoka Amukura. Alikuja na mke wake, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo ya kutokea, na mjomba wake mzee aliyekuja kushuhudia. Mama alikuwa kwenye veranda, Nekesa akinyonya, mguu umefungwa bendeji juu ya stuli. Mimi nilikuwa karibu yake. Mnunuzi alilizunguka Yai, akapiga gurudumu kwa kiatu, akauliza lilikuwa la nani kabla ya baba.

Baba aliweka mkono juu ya paa. "Ya mama mmoja mwalimu," akasema. "Kanisa na nyumbani, basi."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama baba.

Yule mke akafungua mlango. Akasimama. Akaleta leso puani. "Kuna kitu humu," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeona haya.

Mnunuzi akamgeukia baba, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba biashara imekufa. Nilifurahi. Halafu baba akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake, akanyoosha mkono.

"Hongera, boss," akasema.

Mnunuzi alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa alicheka, akamtazama mke wake kuanzia usoni hadi tumboni, akaupokea ule mkono. "Kumbe? Na hunambii?"

"Mimi?" mke akasema.

"Mimba ikikataa gari, hiyo ni kijana," mjomba akasema, na wanaume wote wakacheka. Tata, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kulisema neno hilo, aliinuka akaingia jikoni na kufunga mlango.

Mama alinipa Nekesa nimshike. Akashuka verandani akichechemea hadi kwenye gari, akamgusa yule mwanamke begani.

"Dada. Usikae nyuma."

"Kwa nini?"

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa anapangusa boneti.

"Nyuma kunarusha," mama akasema.

Mwanamke alimshukuru. Akashika mlango wa mbele. Lakini mjomba alikuwa ameshafika pale na fimbo yake, na mtu hawezi kumpeleka mjomba wa mume wake nyuma ili yeye akae mbele. Akampisha. Kiti kikalazwa, akapenya nyuma, akakanyaga kapeti kwa viatu vyake vya kutokea, akashika leso puani. Waligeuza langoni, wakapita kando ya malori, wakashika njia ya Amukura.

Kule Busia nilimwambia Nekesa abebe sumaku, akanyage sakafu yote kwa kisigino, ya mbele na ya nyuma, na mtu akimwambia kwamba pua yake inamdanganya, afunge mlango aondoke. Akaniuliza kama gari lile limeoza. Nilimwambia ukweli, kwamba nilisikia harufu, na kwamba siku hizi naisikia katika kila gari la namna hiyo, kwa hiyo anuse mwenyewe. Bado hajaamua.

Mama hapandi tena gari lolote linaloendeshwa na baba. Lakini siku za soko hupanda gari la abiria hadi Amukura, hata kama hana cha kununua, na nikiwa naye namwona anavyotembea: hatazami vitambaa wala mboga, anatazama visigino vya wanawake. Yule mke wa mnunuzi hatujamwona tena. Hatujui kama ubao ulihimili. Hatujui hata kama alikuwa na mimba.